Pumzi Uliyonishikia

Kasongo, Jumapili alasiri

Feza mwanangu,

Ninaandika nikiwa darasani kwetu, kwenye dawati la nyuma, kwa sababu nyumbani ungeniuliza naandika nini, nami ningekujibu "masomo", na nimeshakudanganya vya kutosha. Kutoka hapa nasikia kinu cha Bibi. Mnatwanga majani ya sombe, wewe na yeye, na kila unapochoka mapigo yanakuwa ya mtu mmoja. Kesho alfajiri Ramazani atakuja na pikipiki kukupeleka Salamabila kwa mama yako. Barua hii nitakupa leo baada ya kula, kukiwa bado na mwanga wa kusomea uani. Usiiweke chini ya begi. Nataka uimalize kabla hujapanda.

Mambo ya sabuni, ya nguo za ndani, ya kumsalimia kila mtu mzima unayekutana naye, sitayaandika. Bibi ameshayasema mara mbili na kesho atayasema tena pikipiki ikiwa inaondoka. Mimi nina jambo moja tu. Nimekaa nalo miaka minne, na ningeendelea kukaa nalo kama si jibu ulilompa Ramazani siku ya Alhamisi.

Alikuwa amekuja kutueleza njia. Alisema barabara ya Kabambare siku hizi inapitika, watu wanakwenda na kurudi, lakini abiria wake wote huwaambia la kufanya kabla hawajapanda. Akisema shuka, unashuka. Akisema kimbia, unamwachia kiuno, unaingia porini, unalala kifudifudi, hata kama yeye amebaki na pikipiki. Wewe ukamsikiliza mpaka mwisho, kisha ukamwambia:

"Mimi siachii mtu, Papa Ramazani. Niliachia mukono mara moja, kanisani. Sitarudia."

Bibi akakusifu, akasema mutoto huyu amekomaa. Ramazani akacheka, akasema basi watatuzika kaburi moja kama wapenzi wa kwenye filamu, na Bibi akamtupia ganda la muhogo. Mimi nilikuwa nimeshika vikombe. Nilivirudisha jikoni bila kuvimwaga, nikakaa chini nyuma ya jiko.

Hukuachia mkono, Feza. Mimi ndiye niliyeuachia.

Nimeiandika hapa juu kwa sababu najijua. Ningeanzia mbali, ningezunguka, ningefika ukurasa wa tatu, nikaogopa na kuandika kitu kingine. Sasa ipo kwa wino na siwezi kuifuta. Yanayofuata ni maelezo ya namna ilivyokuwa, ili usije ukafikiri ninakuhurumia tu kwa sababu unaondoka.

Unajua watu wanavyonicheka kwa kukuita mwanangu. Msichana wa miaka kumi na minane, bado na sare ya shule, anasubiri mtihani wa Serikali, na mtoto wa miaka kumi na mmoja anamwita Mama Kadogo sokoni. Darasani wananiita Madame. Lakini siku mama yako alipoondoka kwenda kuwauzia chakula wachimbaji, alishika mkono wako akauweka ndani ya wangu, pale pale barabarani, akakwambia, "Huyu ndiye mama yako mpaka nikuite." Ulikuwa na miaka sita, mimi kumi na mitatu. Hakuwa anatania. Mdogo wa mama ni mama, ndivyo tulivyo. Wewe ulikubali siku ileile. Mimi nilienda kutafuta kitabu.

Ndivyo nilivyo. Siwezi kununua chumvi bila kufanya mazoezi njiani ya nitakachosema, lakini nikipewa kitabu najiona mtu. Nilisoma kitabu cha zahanati kuhusu homa za watoto mpaka kurasa zikalegea. Niliandika kwenye daftari siku uliyong'oka jino. Nilidhani mtu akisoma vya kutosha hatakutwa na jambo asilolijua.

Uliwahi kuniuliza kwa nini kwenye komunyo tunaimba kwa lugha ambayo hata Bibi haielewi. Nilikupa jibu la haraka. Hili ndilo jibu lenyewe, kwa kadiri nilivyolipata katika kile kitabu cha parokia ambacho padri aliniruhusu kukifungua baada ya kunawa mikono. Ni wimbo wa watawa wa Ulaya, wa zamani sana, kabla nota hazijaanza kupangwa kwenye mistari mitano. Kitabu kina mistari minne, na nota zake ni za mraba, nyeusi, kama punje za mahindi zilizoungua. Hauna ngoma wala mapigo ya kuhesabu. Silabi moja inaweza kupanda na kushuka nota kumi kabla nyingine haijaja. Ulitungwa kwa ajili ya mwendo wa watu kwenda kupokea: wanaimba kiitikio, wanaimba mstari wa zaburi, wanarudi kwenye kiitikio, tena na tena, kadiri mstari wa watu ulivyo mrefu. Mtu wa mwisho akirudi mahali pake, wimbo unakwisha.

Papa Kalenga, anayeongoza korale yetu ya waimbaji, hajawahi kusoma nota hizo. Wimbo aliupata kwa sikio, kutoka kwa katekista aliyeupata kwa sikio. Wewe umemjua tangu utoto kama mtu wa baiskeli mwenye karakana karibu na kanisa, kwa hiyo labda huushangai mtindo wake, lakini mimi nimetafuta katika kitabu chote na sikuuona. Yeye hataki sauti ikatike hata kidogo watu wakiwa bado wanapita. Ndiyo maana alitupanga wawili wawili, jozi sita, tumeshikana mikono nyuma ya benchi. Anayetaka kupumua anambana mwenzake mara moja. Maana yake: navuta pumzi, wewe shika. Mwenzake hapumui mpaka wa kwanza arudi. Kisha zamu inageuka. Papa Kalenga anasimama mbele yetu ameinamisha sikio, kama anavyofanya na mpira wa baiskeli ndani ya karai la maji, anatafuta mahali hewa inapotoka. Akiipata, anakuonyesha kwa kidole cheusi cha mafuta. "Wee unavuja."

Nilimwambia mwaka jana kwamba kitabuni kuna vijistari vidogo juu ya mstari wa kwanza, na hapo ndipo waimbaji wote wanaruhusiwa kupumua pamoja. Akafikiri, akasema, "Wale walikuwa na kuta za mawe, sauti inarudi yenyewe. Sisi tuko na mabati."

Wewe ulikuwa mwenzangu wa pumzi. Nilikuomba mimi. Ulikuwa na miaka saba, hujapokea hata komunyo ya kwanza, na vijana wa kwaya ya magitaa walikuwa wanatucheka, wanasema wazee sasa wanaazima watoto ili nyimbo zao zisife. Lakini ulikuwa na pumzi. Papa Kalenga alikujaribu kwa kukuhesabia, akafika mbali, akaacha kuhesabu, akasema huyu mpira wake ni mpya.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Wiki mbili kabla yake watu walikuwa wakiingia mjini kutoka upande wa Kabambare na magodoro vichwani, na kila mmoja alikuwa na habari yake. Sikulala wiki hizo. Nilikuwa nimepanga kichwani milango yote: ya nyumba, ya darasa, ya kanisa. Wa kanisa nilioupenda ulikuwa ule mdogo wa chumba cha padri, kwa sababu ulikuwa karibu na benchi letu, na nyuma yake kuna shamba la muhogo. Ona jinsi nilivyofikiri: mlango mdogo, watu wachache, mimi kwanza. Katika mipango yote ile, Feza, nimejaribu kukumbuka kama ulikuwemo. Nadhani nilidhani utakuwa mkononi mwangu tu, kama ulivyokuwa siku zote.

Komunyo ikaanza. Mstari ulikuwa mrefu mpaka nje, na waliokimbia makwao walikuwa ndani yake. Tulikuwa kwenye ile silabi ndefu inayopanda mara tatu. Pumzi yangu ikaisha, nikakubana mkono. Wewe ukashika.

Hapo kikalia kishindo barabarani.

Sikufikiri. Ninakuambia hivyo si kujitetea, ndivyo ilivyokuwa. Najua ulivyokuwa umenishika kwa nguvu, kwa sababu ilinibidi nivitoe vidole vyako kwa mkono wangu wa pili, kimoja kimoja. Nimelificha hili hata kwa Papa Kalenga nilipokwenda kumwambia. Vidole vyako vilikuwa na jasho. Nikavitoa, nikapita ule mlango mdogo, nikakimbia kati ya mihogo mpaka nyuma ya vyoo vya shule, nikachuchumaa huko na masikio nimeyaziba.

Nilipoyazibua, niliusikia wimbo. Haukuwa umekatika.

Nilikaa pale nikiusikiliza unavyozunguka: kiitikio, zaburi, kiitikio. Nilijua kwamba hakuna hatari, kwa kuwa watu hawaimbi hivyo penye hatari. Nilijua pia ninachotakiwa kufanya, nacho kilikuwa kitu kidogo, hatua mia labda, kupita mihogo na kurudi kwenye benchi. Sikuweza. Woga wa kwanza ulikuwa umekwisha na wa pili ulikuwa umeanza, ule wa kuonekana. Huu wa pili ndio niliokuwa nao mpaka leo asubuhi.

Lori lilikuwa limepasuka tairi. Watu walitoka kanisani wakicheka, wakimtania dereva kwamba alitaka mahubiri yafupishwe. Kisha nikamwona Bibi amekubeba. Midomo yako ilikuwa na rangi ya majivu. Walisema ulisimama ukishika ile nota peke yako, hukupumua, mpaka ukaanguka kwenye benchi, na Papa Kalenga akakupepea kwa kofia huku anaendelea kuimba. Nilielewa palepale. Hakuna mwingine aliyeelewa. Nilikuwa nimekubana. Nilikuwa nimekuambia shika mpaka nirudi. Nawe ulikuwa unanisubiri nirudi.

Bibi akaniuliza nilikuwa wapi.

Nikasema, "Aliniachia mkono. Nimetoka kumtafuta."

Uongo ulitoka laini, bila mazoezi. Mimi ambaye hata chumvi siwezi kuomba. Bibi alikuwa amejaa hofu, na hofu yake ilihitaji mtu, akakufinya sikio ukiwa bado unahema, akakwambia usimwachie tena mama yako mkono, unasikia, usimwachie tena. Wewe ukanitazama. Nilingoja useme. Ulikuwa na haki ya kusema, na ulikuwa na vidole vya kuonyesha. Ukaangalia mkono wako, ukaugeuza, kama mtu anayetafuta kitu alichokuwa nacho sasa hivi. Kisha ukatikisa kichwa kukubali.

Uliniamini mimi kuliko mkono wako.

Baada ya hapo nilikuwa mwema sana kwako, na labda uliona. Nilikusuka nywele kila Jumamosi. Nilikufundisha kusoma kabla ya wenzako. Nilijifunza kile kitabu cha nota za mraba mpaka mstari wa mwisho, nikawa ninayeanzisha wimbo Papa Kalenga akiwa na kikohozi, na watu wakaanza kusema yule msichana mwoga amepata kazi yake. Nilidhani nikiujua wimbo vizuri kuliko wote, siku ile itafunikwa. Haikufunikwa. Kila nilipokushika mkono nyuma ya benchi, ulinishika mpaka kucha zinaacha alama. Leo asubuhi pia. Nimeziangalia sasa hivi, ni nne, zimeanza kufifia.

Na wenzako shuleni wanakuita Kupe. Bibi anacheka, anasema mutoto anapenda watu wake. Unashika pindo la kitenge chake sokoni. Unashika mkanda wa begi langu njiani. Mwaka jana, mbwa wa jirani alipotufukuza, watoto wote walikimbia, wewe ukasimama umemshika mtoto wa Mama Zainabu mpaka mbwa akafika. Watu walisema Feza ni jasiri. Nilisema hivyo pia. Nilijua kwamba si ujasiri, nikasema hivyo hivyo.

Ijumaa, baada ya lile jibu lako kwa Ramazani, nilikwenda karakana. Papa Kalenga alikuwa ameinama kwenye karai lake. Nilisimama muda mrefu, mpaka akaniuliza kama nimekuja kununua baiskeli. Nikamwambia yote, isipokuwa la vidole. Hakuinua macho.

"Nilijua," akasema. "Ulibana mutoto mukono, kisha ukaenda. Nilikuwa mbele yenu, nitatazama wapi tena?"

Nikamwuliza kwa nini hakusema miaka yote hii.

Akautoa ule mpira majini, akaufuta kwa kitambaa. "Kwa sababu na mimi iko yangu sikusema. Kile kishindo, niliijua palepale ni tairi, pine ya kamio. Miaka makumi tatu nazisikia. Bunduki ikilia imelia. Pine ikilia, nyuma yake inapumua, fiiii. Nikaendelea kuimba. Basi watu wakasema Papa Kalenga iko na imani, hakutikisika. Padri akanitaja kwenye mahubiri. Mama mumoja aliniletea kuku." Akakikunja kile kitambaa. "Nilimula yule kuku. Kama ingekuwa bunduki ya kweli, wee ungenikuta kule nyuma ya choo, nimekutangulia."

Nilicheka, Feza. Nilikuwa nimekwenda kulia na nikacheka. Naye akacheka, lakini si sana.

"Wenzako wa korale," akasema, "waliniangalia mimi, wakaona natulia, wakatulia. Mutu mumoja tu hakuniangalia. Alikuwa anaangalia mulango uliotokea. Yeye hakujua ni pine. Alibaki akijua ni bunduki, na akashika." Akanipa mgongo, akaanza kutafuta gundi. "Sasa mimi unaniambia ya nini? Kamwambie yule."

Ndiyo maana ya barua hii. Tangu Ijumaa nimejaribu kukuambia kwa mdomo mara tatu. Mara ya kwanza ulikuwa unakunja nguo. Mara ya pili ulikuwa unanionyesha jinsi begi linavyofunga. Leo asubuhi, tulipokuwa tunatoka kanisani na watu wakikuaga, nilifungua mdomo nikasema, "Usisahau kitana."

Sasa nikuambie ninachoogopa, kwa kuwa umenizoea mwoga. Ninaogopa barabara. Ninaogopa yale madaraja ya magogo, na vizuizi ambapo mtu anaulizwa anatoka wapi na jibu sahihi linabadilika. Ninaogopa Salamabila, mashimo yake, na watoto ninaosikia wanaosha mchanga badala ya kukaa darasani. Mama yako amesema ameshakuandikisha shule, darasa la sita, na huyo dada yangu Odette hajawahi kuniambia jambo ambalo halikuwa kweli. Mimi ndiye wa hivyo katika familia hii. Ninaogopa pia kwamba utafika kwake, utamwona, utajua mara moja mama ni kitu gani, na utanikumbuka kama msichana aliyekuwa anakusuka nywele. Hilo ni la kwangu, usilibebe.

Lakini ninachoogopa kuliko vyote ni kitu kimoja. Kwamba kesho, mahali fulani baada ya Lusangi, kitalia kishindo, kiwe tairi au kiwe kingine, Ramazani atasema kimbia, na wewe utashika. Utashika kiuno chake na kuacha kupumua, ukisubiri mtu arudi, kwa sababu ya uongo wangu wa nyuma ya vyoo vya shule.

Kwa hiyo naomba uelewe nilichofanya na ambacho sikufanya. Kukimbia, kusema kweli, nimejisamehe nusu. Nilikuwa na miaka kumi na minne na niliogopa, na mwili unaoogopa unatafuta mlango. Kama ungekimbia na wewe, tungekuwa wawili kwenye mihogo, na leo tungekuwa tunacheka. Sikuwa na haki ya kukuacha umeshika, hilo halina nusu. Na kibaya zaidi ni sentensi moja niliyoisema mbele ya Bibi, na kila siku niliyoiacha isimame. Ramazani akikwambia achia, hatakuwa kama mimi. Yeye atakuwa anakuambia kwa sauti, anakutazama, na atataka ufike. Kumwachia mtu kwa namna ile hakumdhuru. Umefundishwa vibaya, na mwalimu ni mimi.

Upande wa nyuma wa karatasi ya mwisho nimekunakilia wimbo wetu wote. Mistari minne, nota za mraba. Nimetumia rula, lakini mstari wa pili umepinda kidogo. Sijui kama kuna mtu Salamabila anayeuimba. Pengine hakuna. Utauimba peke yako, jikoni au njiani kwenda kisimani, na utafika kwenye ile silabi ndefu, na hakutakuwa na mkono wa kubana. Hapo nimeweka vile vijistari vidogo vya kitabuni, kwa wino mwekundu, ingawa Papa Kalenga angenionyesha kidole. Ukifika hapo, pumua. Wimbo utakatika. Uache ukatike, uvute pumzi mpaka ishuke tumboni, kisha uendelee pale ulipoachia. Nimejaribu mwenyewe hapa darasani, kwa sauti ndogo. Kilichokatika kinaungana chenyewe ukirudi. Miaka yote sikujua, kwa sababu hatukuwahi kujaribu.

Kinu kimenyamaza. Nasikia Bibi anakuita uchote maji, nawe unamjibu kutoka mbali, kwa hiyo umemwachia kitenge chake hata kwa dakika moja. Nimebakiza nafasi ndogo.

Leo usiseme kitu mara tu ukimaliza kusoma, kama hutaki. Nitakuwa karibu na mlango wa jiko. Bibi nitamwambia mimi mwenyewe, mbele yako, kabla hatujalala, na akinifinya sikio ni langu. Kwa mama yako nimeandika karatasi ya pili, ipo kwenye mfuko wa mbele wa begi, haijafungwa, unaweza kuisoma. Ukichagua kutoniita Mama Kadogo tena, niite jina langu, nami nitaitika.

Na kesho, Ramazani akiwa anafunga begi kwa mpira, nitasimama kando yako na mkono wangu utakuwa wazi. Siwezi kukulazimisha uushike. Lakini ukiushika, usinitie kucha. Nibane mara moja, kama kanisani, kisha uachie wewe. Panda. Zamu yako ya kupumua imechelewa miaka minne.

Mimi nitashika.

Vumilia